Nyanya Alivyoitafsiri Sinema ya Kihispania

Kuna sinema moja ya Kihispania ambayo hadi Jumamosi iliyopita ningeapa kanisani kwamba naijua kuliko hata walioitengeneza. Ni ya mama mjane, mtu mzima, anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye madirisha marefu. Watoto wake watatu, wakubwa wote, wamekuja kula naye chakula cha mchana. Wana neno wanataka kumwambia na hakuna anayethubutu, maana kila mmoja akifungua mdomo mama anamwongezea mchuzi. Unacheka wee, unafuta machozi, halafu baadaye kidogo unajikuta bado unafuta na kicheko kimeshaisha. Utotoni niliitazama hadi nikajua ni saa ngapi mbwa wa jirani atabweka. Jumamosi nikaikuta kwenye televisheni, hapa kwangu Maple Grove, Amerika, nikamwita binti yangu aje aone kitu cha maana.

Kosa. Safari hii ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na binti yangu ana miaka tisa na anasoma kila kitu, hata nyuma ya chupa ya shampuu. Alisoma mpaka mwisho, pale mama anapoingia kwenye gari la wanawe na gari linaondoka. Akanigeukia akaniambia kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili anakisikia vizuri sana lakini kukijibu hataki, kwamba yule bibi anapelekwa kwenye nyumba ya wazee, na amekubali mwenyewe, imeandikwa pale. Kwa hiyo, akasema, nyanya yangu aliyenitafsiria mwisho mwingine utotoni alinidanganya. Nikamwambia, "Kaa chini. Walioandika hayo hawamjui nyanya yangu." Na wewe msomaji, ukiwa na dakika, kaa pia, maana jambo hili sitaliacha lipite hivi hivi.

Tulikuwa tunakaa New Hope, mji wa jirani, kwenye lile jengo la matofali lenye ngazi zilizonukia vitunguu vya nchi nne tofauti. Sisi ghorofa ya pili. Wakati wa baridi mabomba ya joto yaligonga ukutani kama mtu anayeomba kufunguliwa, na alfajiri trekta la kusukuma theluji lilikwaruza pakingi yote na kutuamsha kabla ya saa ya shule. Mashine za kufulia zilikuwa chini kabisa, na kazi yetu mimi na mdogo wangu ilikuwa kubeba kapu la nguo, mmoja huku mmoja kule, tukigombana ngazi nzima. Tukirudi tulikuta chapati. Sikumbuki siku tuliyorudi na kapu lile tukakosa harufu ya kitu kwenye mafuta.

Aliyekuwa kwenye mafuta ni nyanya, mama yake baba. Aliletwa kutoka Nakuru mdogo wangu alipozaliwa. Mama alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti mbili mbili, na baba alikuwa uwanja wa ndege kule Bloomington, anapakia mizigo. Hakukuwa na mtu wa kukaa na mtoto. Nyanya alishuka kwenye ndege jioni, akalala na koti, na asubuhi mama akamwekea kichanga mapajani akakimbilia kazini. Jambo hilo nyanya hakulisahau na hakuwaacha wengine walisahau. Wakija wageni, mmoja akamuuliza kwa adabu kama amezoea huku ugenini, alisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi walinipa jembe siku ya kwanza, kwa hiyo huo ugeni mnaousema sikuwahi kuwa nao. Mama alikuwa anacheka kwa aibu na kuwamiminia wageni chai.

Sasa nikueleze habari ya kutafsiri. Kule Nakuru nyanya alikuwa akiuza mandazi nje ya kibanda cha video. Wewe kama umekulia Kenya unavijua vibanda hivyo: mabati, mabenchi, televisheni moja, na jamaa mwenye maikrofoni anayekusimulia sinema ya Wachina au Wahindi kwa Kiswahili, anatia chumvi, anawatukana maadui, anampa shujaa ushauri. Nyanya hakuwahi kuingia ndani. Alikaa na karai lake upande wa pili wa bati, miaka na miaka, akisikia. Alizijua sinema nyingi ajabu bila kuona hata moja. Alisema alipokuja Amerika Mungu alimgeuzia tu: kule alikuwa na maneno hana picha, huku akapewa picha hana maneno.

Diski ya sinema ile mama aliichukua kwenye meza ya vitu vya bure, katika ghorofa ya chini ya kanisa, pamoja na sahani na glavu zisizolingana. Jaladani kulikuwa na meza iliyojaa chakula, nafikiri ndiyo maana aliibeba. Ilikuwa Kihispania kitupu, hakuna maandishi ya lugha nyingine. Baba aliitazama kidogo akasema haina faida, hakuna anayeelewa. Nyanya akasema, "Iweke. Kwani wanaofungua mdomo ndio wanaoeleweka peke yao?"

Akaanza. Sauti yake ilibadilika kabisa. Ilitoka puani, ikakimbia, ikapanda na kushuka, ile ile ya jamaa wa kibanda. Huyu mwenye tai ni kifungua mimba, mwoga tangu tumboni, angalia anavyokata mkate. Yule mwenye miwani ndiye wa katikati, ana maringo na mume wake hana kazi. Huyu kitinda mimba, mlegevu, hata kiti anavutiwa. Na mama mwenyewe? Mama ana akili, amewajua kabla hawajabisha hodi. Mchuzi wa samaki ukawa mbuta wa ziwani. Kanisa lililoonekana dirishani likapewa padri na kashfa zake. Sisi watoto tulikaa chini kwenye zulia tumeduwaa, na hakuna hata mara moja tuliyokumbuka kwamba nyanya hajui Kihispania.

Ikawa desturi ya Jumapili baada ya kanisa. Jirani wa chini, mama mmoja Mkongo aliyeletwa na wanawe kutoka kambi ya wakimbizi, alipanda na sahani ya ndizi za kukaanga na watoto wakimfuata. Yeye alimwita nyanya Koko, kama wanavyowaita bibi kwao, na alikuwa mbishi. "Koko, ule wa lunettes haina maringo, iko na huzuni," alisema akimwonyesha yule wa miwani, na nyanya alisimamisha sinema wabishane. Wakati mwingine ubishi ulichukua muda mrefu kuliko sinema. Mahali pamoja tu nyanya hakutafsiri. Ikifika pale mwishoni, mama na sanduku na gari, aliinuka akaenda kuteleka chai. Ukimuuliza alisema hapo bado hajaelewa vizuri, na kweli alionekana kama mtu anayewaza.

Majira yale ya baridi baba alianza kuwa na neno. Nyanya alikuwa ameteleza kwenye barafu ya pakingi akaumia kifundo cha mkono, na tangu hapo baba alimtazama kwa namna fulani, kama anapima kitu. Jumamosi moja tulikwenda kutembea kwenye lile duka kubwa la Bloomington, maana wazee wengi huenda pale kunyoosha miguu ndani kwenye joto, na nyanya alipenda sana kuzunguka akihukumu nguo za madirishani. Tukirudi, baba aki-drive, mama mbele, sisi watatu nyuma, baba akaanza kumwambia mama kwa Kiingereza. Watoto sasa wako shule siku nzima. Mama yake yuko peke yake kwenye nyumba, akianguka nani atajua? Tena mzee kufia ugenini, nyumbani watasema nini? Akasema baada ya Pasaka arudi Kenya, akae kwa dada yake baba, apumzike. Mama akasema ni sawa, lakini amwambie yeye mwenyewe. Baba akasema atamwambia Jumapili ijayo, wakishakula. Nyanya alikuwa ameniegemea, anaangalia nje, ananionyesha moshi unaotoka kwenye mabomba ya viwanda. Kiingereza chake kilikuwa cha asante na basi namba ngapi. Nilijisikia vibaya sana, nikamshika mkono ule uliofungwa bandeji mpaka nyumbani.

Jumatatu nilitoka shule nikamkuta jikoni akikata sukuma. Mimi nilikuwa kama binti yangu wa leo, ukinisemesha Kiswahili nakujibu Kiingereza. Lakini siku ile Kiingereza kisingenifaa kitu. Nilisimama mlangoni na buti za theluji nikiokota maneno moja moja. "Nyanya. Baba nataka wewe rudi Kenya. Si kutembea. Kabisa."

Kisu kikasimama. "Nani amekwambia?"

"Mimi nasikia kwa gari."

"Lini?"

"Pasaka kwisha."

Akaendelea kukata, nyembamba vile vile. Nilidhani atalia. Watu wengi wanadhani hivyo, kwamba kila mzee aliye huku anakaa dirishani analilia nyumbani. Wa kwangu hakuwa hivyo, na nimechoka kuambiwa kwamba lazima alikuwa anaficha. Alizungumza huku anaiangalia sukuma. Nakuru kuna nini? Chumba alichopanga kina mtu mwingine. Wenzake aliokaa nao pale kibandani wamezikwa wote. Shangazi yenu ana nyumba yake na mama mkwe wake ndani, mle jikoni wanawake wawili tayari, wa tatu akafanye nini? "Mimi nimechota maji tangu nikiwa kama wewe," alisema. "Hapa maji yanakuja yenyewe, na ni ya moto. Nyinyi mko hapa. Wananirudisha kupumzika, nani aliwaambia nimechoka?" Halafu akanipa kipande cha karoti, akaniambia nivue buti, nimechafua sakafu.

Jumapili ilipofika alichukua jiko tangu alfajiri. Alipika chapati, ndengu, kuku wa kuchemsha halafu akakaangwa, na kachumbari yenye pilipili ya kuua. Kisha akashuka mwenyewe ngazi, na mkono wake mbovu, akamwalika jirani Mkongo na wanawe wote. Baba alirudi kutoka kanisani hajavua tai. Alipoona watu sebuleni uso ulimshuka, lakini angefanya nini, mgeni akishakaa amekaa. Tulipoanza kula akakohoa kidogo.

"Mama, kuna jambo nilitaka..."

"Ndengu zipo. Leta sahani."

Akala. Akakohoa tena. Nyanya akamwongezea kuku. Mara ya tatu alimtuma jikoni akalete chumvi, na chumvi ilikuwa mezani. Mdogo wangu ndiye aliyeona kwanza. Akaniinamia sikioni akaniambia baba ni yule mwenye tai. Nikatazama, na kweli, hata mkate angekuwa nao angeukata vile vile. Nilishikwa na kicheko na hofu pamoja, kwa sababu nilijua kinachotafutwa pale mezani ni nyanya aende au abaki.

"Sasa wekeni sinema," akasema nyanya.

"Mama, hata leo?" baba akauliza.

"Leo hasa."

Sijawahi kusikia akiitafsiri vile. Aliwapamba, akawachambua, mama Mkongo alicheka mpaka akalegeza kitambaa cha kichwa. Hata baba alicheka pale kitinda mimba anapomwagikiwa na mchuzi. Halafu ikafika pale. Mama wa sinema anafunga dirisha la mwisho, anatoka, sanduku linawekwa kwenye gari. Nilisubiri nyanya aende kuteleka chai. Hakwenda. Aliinuka akasimama kando ya televisheni.

"Hapa muangalie vizuri, kwa sababu watu wengi wanapaelewa vibaya," alisema, na sauti ya puani ilikuwa imemtoka, ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Mnafikiri huyu mama anakwenda? Haendi popote. Watoto wamekuja, wamekula, wameshiba, sasa wanarudi kwao. Mama mwenye adabu hawaachi wageni mlangoni. Anawasindikiza."

"Na ile valise, Koko?" mama Mkongo akauliza, akimaanisha sanduku.

"Ya huyo mlegevu. Amembebea. Tangu mwanzo hukumwona hawezi kubeba hata kijiko?"

Gari likakata kona. Barabara ikabaki tupu, muziki ukaanza, majina ya Kihispania yakapanda. "Mi naona anaenda tu, harudie," mama Mkongo akasema, maana ubishi ulikuwa damuni.

"Atarudi. Amewafikisha stendi, anarudi na miguu. Hao Wahispania wamekata sinema mapema, wamechoka. Lakini amerudi, mimi nakwambia. Amefungua madirisha yake." Ndipo akamgeukia baba. "Na wewe mwanangu, ukipata hamu ya Kenya, niambie. Nitakusindikiza mpaka uwanja wa ndege, nikubebee na begi. Halafu nitapanda basi nirudi hapa kwangu."

Mama alikuwa anaangalia zulia. Baba akafungua kifungo cha shati, na neno lililomkaa kooni wiki nzima likatoka mbele ya wageni, bila mpango. "Mama, na ukifia huku?"

"Mtanizika huku. Kwani huku hakuna udongo?"

Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jambo lisilotajwa. Kwetu maiti inarudishwa hata ikibidi ukoo mzima uuze ng'ombe. Ni mama Mkongo aliyesema, taratibu, hakuna tena utani sautini: "Mama yangu nilimuzika mu njia, tukikimbia. Hata mahali sijui. Udongo ni udongo, papa. Mtu anazikwa kwenye iko na watu yake." Baba alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu. Halafu akaomba chai. Mama aliruka kwenda kuipika, na kutoka jikoni nilisikia anapenga kamasi. Pasaka ilikuja ikapita. Nyanya aliipikia pilau.

Alikaa nasi miaka mingi baada ya hapo. Alinifundisha kusuka ukili wa maneno, sentensi nzima nzima, maana alisema siku nyingine nikimletea habari niilete na viungo vyote. Aliniona nikivaa sare ya uuguzi. Alimshika binti yangu siku alipozaliwa, akamkagua vidole, akasema yuko sawa. Akafa kwa utulivu, mwezi wa kwanza, baridi ile ambayo ukipumua pua inaganda.

Simu zikaanza siku hiyo hiyo. Nakuru, Eldoret, Nairobi, watu niliowajua na nisiowajua. Maiti inakuja lini? Nani ataipokea? Baba alipowaambia haiji, kulikuwa na kelele hutaamini. Wazee walisema tumemtupa. Shangazi alilia kwenye simu akisema mama yake atalala na wazungu. Hata kanisani kwetu wengine walitunung'unikia chini chini, wakisema kama ni nauli si tungesema tuchangiwe. Baba aliwajibu wote kwa neno moja: aliniambia mwenyewe, nikamsikia. Ardhi ilikuwa jiwe. Ilibidi waiwashie mashine ya joto usiku kucha ndipo ichimbike. Wafanyakazi walitaka tuondoke wao wafukie baadaye kwa trekta, ndivyo wanavyofanya huku, lakini baba alikataa. Tulimfukia wenyewe, kwa zamu, wanaume kwa wanawake, udongo ukitoa mvuke, na baba alikuwa wa kwanza na wa mwisho kushika sepetu.

Mengi hayapo sasa. Lile jengo la New Hope limepakwa rangi ya kijivu na ngazi zake zinanukia sabuni tu. Mama Mkongo alihamia jimbo lingine kwa wanawe. Diski ilipotea katika kuhama. Watu hawakai tena sebuleni kumi kumi kubishana juu ya mtu ambaye hawamjui, kila mmoja ana skrini yake na maandishi yake chini, na hakuna mtu wa kukwambia yasiyoandikwa. Hilo linaniuma, sitakuficha. Lakini sikubali kwamba nyanya alidanganya. Alisoma alichokiona. Aliona mama wa watu anaingizwa kwenye gari kama mzigo, akakataa, na kukataa kwake kukatushikilia sote mahali pamoja. Binti yangu nilimweleza yote haya Jumamosi ile. Alisikiliza, akauliza maswali, kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, na hivyo hivyo tukaelewana.

Simu za Kenya hazijakoma. Kila ukoo ukikutana kuna mzee atakayeniuliza ni lini tutamrudisha mama yetu nyumbani, hata mifupa. Zamani nilikuwa nababaika. Siku hizi ninakwenda kaburini theluji ikiyeyuka, napangusa majani, baba anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, mama anafungua thamosi, watoto wanakimbizana, na simu ikilia nikiwa pale naipokea kwa raha. Nawaambia nyanya yuko nyumbani, ni wao walio mbali.